Tunabaki: Muuza mazulia wa Bronx na hesabu ya nyumba nafuu

Yolanda García alikuwa muuza mazulia. Naanzia hapo makusudi, kwa sababu wasifu mwingi wa viongozi wa nyumba za gharama nafuu Marekani huanzia mwishoni: tuzo walizopata, vyeo walivyoshika, idadi ya nyumba zilizojengwa wakiwa ofisini. Wa García unaanzia dukani. Familia yake ilikuwa na biashara ya mazulia Bronx Kusini, jijini New York, katika mtaa wa Melrose. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yeye na majirani zake wakagundua kwamba serikali ya jiji imeshachora mtaa mpya juu ya mtaa wao.

Mchoro huo uliitwa Melrose Commons. Uligusa vitalu zaidi ya 30, ulikusudia kujenga makazi yapatayo 2,600 ya watu wa kipato cha kati, na katikati yake kungekuwa na bustani ya mapumziko ya ekari 4. Kwenye karatasi ulipendeza. Lakini ndani ya eneo lile waliishi watu kama 6,000, wengi wao wenye asili ya Puerto Rico na Wamarekani weusi, na kipato cha kaya ya kawaida kilikuwa chini ya dola 12,000 kwa mwaka. Nyumba mpya hazikupangwa kwa ajili yao. Wenye nyumba, mamia ya wapangaji na biashara zipatazo 80 wangeondolewa kupisha ujenzi. Msomaji aliyewahi kurudi kutoka kazini akakuta ukuta wake umepigwa alama ya X nyekundu hahitaji kuelezwa watu wale walijisikiaje.

García na wenzake wakaunda kamati, wakaipa jina la Kihispania la maneno mawili: Nos Quedamos. Maana yake tunabaki.

Jina hilo nalipenda kwa sababu limesema jambo zima. Hawakusema tunapinga, wala tunadai. Walikuwa wakitaka nyumba mpya kama jiji lilivyotaka, pengine kuliko jiji. Walichokataa ni kujengewa mji mzuri ambao wao wangeuona kwa kupita na basi. Na ukitaka kujua kwa nini neno kubaki lilikuwa na uzito kiasi hicho Melrose, inabidi urudi nyuma kidogo.

Bronx Kusini ilivunjwa kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na ofisi yake. Katika miaka ya 1930 wakala wa serikali kuu walichora ramani za mikopo ya nyumba na kuipaka rangi nyekundu mitaa ya watu weusi na wahamiaji, maana yake benki zisithubutu kukopesha huko. Kuanzia 1948, chini ya Robert Moses, ofisa aliyesimamia ujenzi mkubwa wa umma jijini New York, ilianza kujengwa barabara kuu iliyopasua Bronx katikati na kuhamisha maelfu ya familia. Jiji lilipokaribia kufilisika 1975, vituo vya zimamoto vilifungwa, na mwaka uliofuata Roger Starr, aliyekuwa msimamizi wa makazi wa jiji, akatetea hadharani wazo la kupunguza huduma kwenye mitaa iliyodhoofika ili wakazi wahame wenyewe. Majengo yakaungua usiku baada ya usiku. Mengine yaliachwa bila matengenezo hadi nyaya zikashika moto, mengine yalichomwa kwa ajili ya bima. Sensa ya 1970 ilihesabu watu 1,471,701 katika Bronx yote. Ya 1980 ikahesabu 1,168,972. Watu laki tatu waliondoka ndani ya miaka kumi. Rais Jimmy Carter alipotembelea Mtaa wa Charlotte Oktoba 1977, picha za magofu aliyosimama mbele yake zilienea dunia nzima, na jina la Bronx likawa neno la kutajia maangamizi.

Kwa hiyo yeyote aliyekuwa bado Melrose mwaka 1992 hakuwa pale kwa bahati. Alikuwa amepitia moto, kukatiwa huduma, benki kumfungia mlango, na watoto wa jirani kuondoka mmoja mmoja. Aliyefungua duka lake kila asubuhi katika miaka ile aliushikilia mtaa usife kabisa. Ndipo serikali, ilipopata hatimaye fedha za kujenga, ikataka kumwondoa mtu huyohuyo ili ujenzi uanze. Fedha zilikuwepo kweli: Meya Ed Koch alikuwa ameanzisha katikati ya miaka ya 1980 mpango wa miaka kumi wa makazi uliofikia zaidi ya dola bilioni 5, mkubwa kuliko wowote uliowahi kufanywa na jiji la Marekani kwa fedha zake.

Sehemu ya habari hii inayonivutia kuliko zote ni kilichofuata, nacho ni mikutano. Kiongozi wa Bronx wakati huo, Fernando Ferrer, aliikubali hoja ya wakazi, na jiji likakubali kusimama kidogo ili mpango uandikwe upya pamoja nao. Katika mwaka wa kwanza Nos Quedamos ilifanya mikutano 168. Igawe kwa wiki 52 upate zaidi ya mitatu kwa wiki. Maofisa wa mipango miji, wa makazi, wa usafiri na wa mazingira walikuja mtaani kukaa meza moja na akina mama wa nyumba, wastaafu na wenye maduka. Wasanifu majengo wa kampuni ya Magnusson walikaa nao, mchoro baada ya mchoro.

Anayedhani mikutano ni porojo aangalie ile bustani ya ekari 4. Wapangaji miji waliiona kama zawadi. Wakazi waliikataa. Walijua, kwa sababu walilala na kuamka pale, kwamba uwanja mpana usiotazamwa na madirisha ya mtu yeyote ungekuwa mali ya wauza dawa za kulevya jua likishazama. Wakaomba maeneo madogo ya wazi, yaliyozungukwa na nyumba, ambayo bibi akiwa dirishani anaweza kumwona mjukuu wake anacheza. Walikataa pia msongamano mdogo. Hili liliwashangaza wataalamu, waliozoea kudhani kwamba maskini wa mjini wanaota nyumba za chini zenye ua mbele kama za vitongojini. Majirani wa García walitaka barabara kuu za Melrose zijengwe ghorofa kadhaa, maduka chini na makazi juu, kwa sababu walikuwa wameuona mtaa wao ukiwa mtupu, na mtaa mtupu ndio waliouogopa. Watu wengi barabarani kwao ulikuwa ulinzi.

Hapa ndipo biashara ya mazulia inaponirudia akilini. Anayeuza zulia huingia nyumbani kwa mteja. Anapima chumba, anaona kitanda kimewekwa wapi na watoto wanalala wangapi, anajua nani analipa taslimu na nani atalipa kidogo kidogo hadi mwisho wa mwaka. Sidai kwamba hilo peke yake lilimfanya García kuwa kiongozi. Ila naamini mtu aliyezoea kupima vyumba vya watu halisi hawezi kudanganywa kirahisi na mchoro usio na watu ndani. Wataalamu walikuja na takwimu za eneo. Wakazi walikuja na vipimo vya maisha yao, na kazi yake ikawa kuhakikisha hivi vya pili vinaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Mwaka 1994 Baraza la Jiji liliidhinisha mpango uliorekebishwa. Idadi ya watakaohamishwa ilipunguzwa sana, majengo mengi yaliyokuwa yamesimama yakaachwa yasimame, na kamati ya mtaa ikawa na sauti katika kuamua nini kijengwe wapi. Nos Quedamos yenyewe ikageuka kuwa shirika linaloendeleza nyumba. Majengo yakaanza kuota: Plaza de los Ángeles, La Casa de Felicidad kwa ajili ya wazee, La Puerta de Vitalidad. Hata majina yake yanatosha kukuambia nani aliyakalia kikao. García alifariki Februari 2005 akiwa na miaka 53, kabla mtaa haujakamilika. Mwaka 2010 Melrose Commons ikawa mtaa wa kwanza katika jimbo la New York kupata cheti cha LEED cha maendeleo ya mitaa yanayojali mazingira, daraja la fedha, yaani la madini ya fedha. Miaka miwili baadaye, hapohapo Melrose, likafunguliwa jengo la Via Verde lenye makazi 222 na bustani zinazopanda juu ya mapaa yake, na wasanifu wa nchi nyingi wakaja kulitazama.

Ningeweza kuishia hapo na makala ikawa tamu. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimefanya kile ninachowalaumu waandishi wa wasifu.

Kuna swali ambalo mikutano 168 haikuweza kulijibu, kwa sababu jibu lake haliko Bronx. Swali lenyewe: nafuu kwa nani? Marekani haipimi nafuu kwa mfuko wa mtu wa mtaa husika. Inapima kwa kipato cha kati cha eneo kubwa linalozunguka mji, yaani kile ambacho nusu ya familia ziko juu yake na nusu chini yake. Wizara ya Makazi ya Washington hukokotoa kiwango hicho kila mwaka, na kwa New York kiwango kimoja hutumika kwa wilaya zote tano za jiji, Manhattan ya mabenki ikiwa ndani, na hata baadhi ya maeneo ya nje ya jiji. Mwaka 2023 kiwango cha familia ya watu watatu kilikuwa dola 127,100. Sasa chukua nyumba iliyotengwa kwa wenye asilimia 60 ya kiwango hicho, ambayo kisheria ni nyumba nafuu. Asilimia 60 ni dola 76,260. Kanuni inasema pango lisizidi asilimia 30 ya kipato, kwa hiyo pango linafika kama dola 1,900 kwa mwezi.

Kaya ya kawaida ya Bronx katika miaka hiyo ilikuwa inapata takriban dola 47,000 kwa mwaka. Asilimia 30 yake ni dola 1,175 kwa mwezi. Kati ya 1,175 na 1,900 kuna pengo la zaidi ya dola 700, kila mwezi, na ndani ya pengo hilo ndimo mtaa mzima unaweza kutumbukia bila hata jengo moja kubomolewa. Jengo linaweza kuwa na kibali cha nyumba nafuu, likajengwa kwa fedha za umma, likafunguliwa kwa kukata utepe, na mama anayeishi ng'ambo ya barabara asiweze kupanga hata chumba kimoja ndani yake. Hakuna aliyevunja sheria. Hesabu imefuatwa barabara, ila imeanzia mahali pasipo pake.

Kuna majengo ya Bronx yanayotengwa kwa asilimia 30, 40 au 50 ya kiwango hicho, na hayo yanawafikia wenyeji. Lakini kila unaposhusha kiwango, pango linaloingia linapungua, na deni la ujenzi halipungui. Pengo hilo lazima mtu alizibe. Njia kuu ya kulizibia tangu sheria ya kodi ya 1986 ni unafuu wa kodi ya mapato: serikali kuu inampa mwendelezaji, yaani anayejenga nyumba hizo, stahili za kupunguziwa kodi kwa miaka 10, yeye anaziuza kwa benki na makampuni makubwa, na fedha anazopata ndizo mtaji wa jengo. Benki hununua kwa faida, na pia kwa sababu sheria ya 1977 inazidai ziwekeze katika mitaa zinakochukua amana. Ni utaratibu wenye akili, na umejenga nyumba nyingi kuliko mpango mwingine wowote wa Marekani wa zama hizi. Ni utaratibu mgumu pia. Kufunga mkataba wa jengo moja kunahitaji wanasheria, wahasibu, vyanzo vya fedha vitano au sita na uvumilivu wa miaka. Kamati ya majirani haiwezi kukaa kamati ya majirani ikaufanya huo mchezo. Lazima igeuke kampuni, hata kama imesajiliwa kama shirika lisilo la faida.

Hapo ndipo ninapowaonea huruma, na kuwaheshimu, viongozi wa aina ya García. Aliyeanza kwa kutetea wapangaji anaishia kuwa mwenye nyumba. Jana alisimama mlangoni kuzuia mtu asitolewe. Leo ana mkopo wa benki unaotaka kulipwa, na mpangaji wa ghorofa ya tatu ana malimbikizo ya miezi mitano. Akimwachia, jengo linayumba. Akimtoa, jina la shirika lake linamsuta ukutani. Sijaona hotuba ya kukabidhi tuzo inayotaja usiku wa namna hiyo, na nadhani ndio unaowapima watu hawa kweli kuliko siku ya kukata utepe.

Mfano wa Boston unasaidia kuona njia nyingine. Mwaka 1968, katika mtaa wa South End, familia za Puerto Rico ziliambiwa eneo lao, lililoitwa Kiwanja namba 19, litasafishwa na serikali ya jiji. Zikajipanga zikasema hazihami kutoka Kiwanja 19. Zikashinda haki ya kuendeleza eneo hilo zenyewe, na kilichoota hapo ni Villa Victoria, makazi yanayosimamiwa na shirika la Inquilinos Boricuas en Acción, yaani wapangaji wa Puerto Rico kazini. Tangu 2003 shirika hilo linaongozwa na Vanessa Calderón-Rosado, mzaliwa wa Puerto Rico mwenye shahada ya uzamivu ya sera za umma, na juu ya nyumba linatoa malezi ya watoto wadogo, masomo ya chuo kwa wakazi na shughuli za sanaa. South End ya leo ni miongoni mwa mitaa ya bei ya juu Boston. Nyumba za matofali zilizodharauliwa 1968 zinauzwa kwa mamilioni, na katikati yake bado kuna uwanja ambako wazee wanacheza domino na kuzungumza Kihispania. Wako pale kwa sababu shirika lao ndilo lililopewa eneo kuliendeleza, na likakataa kuliachia.

Tofauti hiyo inaniondolea shaka kuhusu jambo moja. Ukitaka kumtathmini kiongozi wa nyumba nafuu, usianze na idadi ya nyumba. Anza na nani ameshika ardhi, na pango limekokotolewa kwa mfuko wa nani. Kisha nenda mtaani utazame kama waliokuwepo mwanzo wapo. García, kwa kipimo hiki, anashinda kwa kishindo kwenye la tatu. Kwenye la kwanza alipata sehemu, kwa kuwa viwanja vingi vya Melrose viliishia mikononi mwa waendelezaji mbalimbali. Na kwenye la pili alikuwa anapigana na kanuni iliyotungwa Washington, ambayo hakuna muuza duka wa Bronx angeifuta peke yake. Kusema hivyo hakumpunguzii kitu. Kunamwondoa kwenye orodha ya watakatifu na kumrudisha kwenye orodha ya wafanyakazi, ambako naona angejisikia nyumbani.

Inabidi pia niseme waziwazi kwamba haikuwa bahati wanawake ndio walioshika usukani, Melrose na kwingineko katika mitaa ya Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, nchini Marekani. Walijua pango linakatika tarehe ngapi, bomba gani linavuja, mtoto yupi anakohoa usiku kwa sababu ukuta umeota ukungu. Maarifa hayo yalikuwa yakiitwa mambo ya nyumbani hadi pale walipoyapeleka mezani mwa Baraza la Jiji, na hapo yakageuka kuwa sera. Mchango mkubwa wa García, kwa maoni yangu, ni kwamba aliyapeleka bila kuyabadilisha lugha kwanza. Hakusubiri kuwa mtaalamu ndipo aseme. Aliwataka wataalamu waje wajifunze kusikia.

Melrose ya leo ina bustani ndogo yenye jina lake. Na ina saa inayohesabu kimya kimya. Majengo yanayotumia unafuu wa kodi hufungwa na masharti ya pango kwa muda maalumu. Sheria ya serikali kuu inataka miaka isiyopungua 30 kwa majengo yaliyoingia katika mpango huo tangu 1990. Jengo la namna hiyo lililofunguliwa mwaka 2000 kwa mkataba wa miaka 30 linafika mwisho wake 2030. Siku hiyo mwenye jengo ataamua, kwa kusaini upya au kwa kutosaini, na eneo lililokuwa halitakiwi na mtu 1977 sasa liko mwendo wa dakika chache kwa treni kutoka Manhattan. Watoto wa wale waliokaa kwenye mikutano 168 ni watu wazima sasa, na baadhi yao ndio wapangaji wa majengo hayo.